Nyuma ya Magunia

Saa kumi alfajiri, Kutaisi ingali imelala,
theluji imeegemea mlango wa duka la mkate,
nasi watano tumelizunguka tanuri
kama wafiwa waliosahau nani kafa.
Nugzari hukanda. Zurabi huchochea kuni. Eteri huandika.
Mimi, Lamara, ndiye msimamizi,
maana funguo ninazo mimi.
Na Vazha, mtoto wa juzi, huhesabu mikate
akiitaja kwa sauti inapotoka motoni,
imechongoka na kupinda kama mundu.

Ishirini na tisa hupita.
Thelathini humkwama kooni,
th-th-the, kama gari lililokataa kuwaka kwa baridi.
Jumanne moja, bila kuinua macho kwenye unga,
Nugzari akamjibu vilevile: th-th-the!
Kicheko kikapasuka.
Jumatano kikapasuka tena, sasa kikiwa na mazoea.

Usiku nikakesha nikilipima neno.
Nimkemee mbele ya wote? Mzee wa miaka hamsini na minane,
aliyenifundisha kuupiga unga kwenye ukuta wa tanuri
nisiunguze nywele za mkono,
leo nimvue nguo mbele ya watoto?
Mficha uchi hazai, najua.
Lakini uchi huu si wangu.

Basi nikamwita stoo, nyuma ya magunia.
Nikarudisha mlango. Nikanong'ona,
"Nugzari, yule kijana koo lake si ngoma."
Akatazama viatu vyake.
Akapangusa unga ambao haukuwepo.
"Ulikuwa utani tu," akasema. Kisha: "Haya."
Tukatoka mmoja mmoja, kama wezi.
Na kweli hakurudia.
Nikajipongeza kwa kikombe cha chai.

Wiki mbili. Vazha hataji tena hesabu.
Huchora vijistari kwa chaki ubaoni,
vinne wima, cha tano kimelazwa juu yao,
Eteri husoma, kazi huenda,
huenda vizuri, ndiyo maana nilichelewa kuona.
Nilipomuuliza mbona kimya
akachukua mfuko wa karatasi, akaandika:
*Mlicheka wanne.*

Wanne. Nikahesabu.
Nugzari. Eteri. Zurabi wa kuni.
Wa nne nikamsaka duka zima
kabla ya kumkuta ndani ya aproni yangu.

Kumbe haki niliipeleka stoo,
nikaifungia huko pamoja na chachu na panya,
ilhali tusi lilikuwa limetembea ukumbini mchana kweupe
na viatu vyake miguuni.
Kijana angejuaje?
Alikuwa upande wa pili wa mlango nilioufunga mwenyewe.

Jumatatu, kabla ya mkate wa kwanza,
nikagonga beseni kwa kijiko.
Nugzari sikumtaja. Lake tulilimaliza.
Nikasema, "Vazha, Jumanne ile nilicheka.
Nilijua si vizuri, nikacheka, na funguo ninazo mimi."
Nilikuwa nimeandaa maneno mengi zaidi. Yakanikimbia.
Zurabi akakohoa.
Eteri akatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.
Na Nugzari, ambaye sikumwomba kitu,
akafungua mdomo, akaufunga,
akakisogeza kile kiti cha karibu na moto,
kiti chake cha miaka ishirini,
kwa goti, mikono ikiwa na unga,
mpaka kikamgusa Vazha nyuma ya mguu.
Sijui kama hiyo ni samahani.
Pengine ni ndefu kuliko yangu.

Chaki ilikaa mkononi siku nne zaidi.
Ya tano, akavuta pumzi:
"Th—"
Kalamu ikasimama. Kuni zikasimama.
Ndoano ya Nugzari ikaning'inia mdomoni mwa tanuri.
"Th-the—"
Hakuna aliyemmalizia.

Mkate wa thelathini uliungua upande mmoja.
Hatukuuuza.
Tuliumega kwa jibini ya chumvi, mweusi vile vile,
na Nugzari akasema umekolea.